Kupiga Mbizi Kwenye Ndiva ya Suji

Mimi nina stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na sioni sababu ya kuificha. Imo kwenye fremu sebuleni kwangu hapa Same, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni akikaa kiti chochote lazima aione. Niliipata Uarabuni, nikisoma jioni baada ya kushinda kutwa nimeinama nyuma ya majokofu ya hoteli, na hakuna mtu aliyenichangia hata kalamu. Nikarudi, nikajenga, nikafungua karakana, na leo soda na nyama za nusu ya mji huu zinapoa kwa sababu yangu. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mambo ninayoyasimulia hayakumpata mjinga.

Mke wangu alikuwa muuguzi huko Gonja kwa miaka mingi, na mwaka jana alistaafu. Alidhani kustaafu ni kupumzika. Kumbe watu walikuwa wanamsubiri tu ashuke mjini. Kabla hajamaliza chai ya asubuhi, mtu ameshagonga geti.

"Nesi, samahani, mtoto ana joto."

"Nesi, hebu niangalizie hiki kidonda mara moja."

Hata fundi wa tofali alikuja na X-ray ya mjomba wake ndani ya mfuko wa rambo. Ongeza malori ya barabara kuu, ongeza spika za muuza sumu ya panya, ongeza kompresa zangu zinazonguruma uani. Siku moja alimaliza kumfunga mtu bandeji, akanawa mikono, akaketi, akasema, "Baba, nataka twende mahali ambapo hakuna anayejua kwamba mimi ni nesi."

"Tanga?"

"Tanga kuna wakunga watatu niliosoma nao."

"Zanzibar?"

"Wanakwaya wote walienda Zanzibar. Wakirudi tena huko na mmoja akaumwa tumbo, nitapigiwa simu."

Hapo ndipo nikakumbuka Dominika. Hotelini nilifanya kazi na mpishi wa keki aliyetoka huko, kisiwa kidogo cha Karibiani. Alikuwa akiniambia kwamba kwao milima inaanzia baharini moja kwa moja, kwamba mvua inanyesha karibu kila siku, watu ni wachache, na kelele pekee ni ya vyura. Siku moja unapanda msituni hadi kwenye ziwa linalochemka kama sufuria ya maharage. Siku nyingine unavaa mtungi wa hewa mgongoni unashuka kuona matumbawe. Nilipomweleza mke wangu habari za ziwa na milima alitikisa kichwa tu, kwa adabu. Nilipofika kwenye mtungi wa hewa, aliweka kikombe chini.

"Mtu wa umri wangu anaruhusiwa?"

"Akiwa na afya."

"Miaka yote nimeangalia ndani ya watu," akasema. "Sasa nataka kuangalia ndani ya bahari."

Sijawahi kumsikia akitaka kitu namna ile. Huyu ni mwanamke ambaye ukimwuliza anataka zawadi gani anakwambia sabuni. Nikawaandikia wenye mashua kule kisiwani kwa Kiingereza changu, ambacho ni kizuri, wakatuletea fomu. Tuliisoma pamoja mezani. Ilisema kila anayeanza kupiga mbizi awe na mwenzake, na hao wawili waangaliane wakiwa chini, mmoja akipata shida mwingine amsaidie. Tena wote wawili wawe wanajua kuogelea. Asiye na mwenzake hashuki.

"Mwenzangu ninaye," akasema mke wangu, akaniangalia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu harusi. "Si ulikuwa unaogelea kila Ijumaa kule?"

"Ijumaa hasa," nikasema.

Sijui kuogelea. Sikujua siku ile na sikuwahi kujua. Nimezaliwa Same mjini, kwenye ukame huu, ambako maji ya utoto wangu yalikuja kwenye mapipa, na mtu angekukuta unachezea maji ungepigwa na ukoo mzima. Kule Uarabuni nilikaa kando ya bahari miaka kumi na tisa, ila kazi yangu ilikuwa juu ya paa, kwenye viyoyozi. Bahari niliiona kutoka ghorofa ya kumi na mbili. Nikipiga simu nyumbani nilisema, "Jana tulikuwa baharini," na ulikuwa ukweli, tulikuwa baharini, tunatengeneza mashine ya barafu kwenye boti. Yeye alielewa alivyoelewa, na mimi nikamwacha na uelewa wake.

Siku ile mezani nilifanya hesabu ya haraka. Nikisema ukweli, yeye hana mwenzake, na bila mwenzake hashuki. Kitu pekee alichowahi kukitaka kingefia pale pale kati ya chupa ya chai na mkate. Nikajiambia kwamba safari iko miezi mitatu mbele, na mwanaume aliyejifunza kanuni za gesi usiku macho yakiwa mekundu hashindwi na maji. Fomu nikaiweka kwenye droo, nikasema tutaijaza baadaye.

Kosa la pili nililifanya kanisani. Jumapili iliyofuata nilitoka mbele na sadaka ya shukrani, kama ilivyo kawaida yetu mtu akiwa na jambo, na badala ya kusema kwamba tunashukuru kwa kustaafu salama, nikaeleza. Nikaeleza kisiwa, nikaeleza ziwa, nikaeleza kwamba mimi na mwenzangu tutashuka chini ya bahari. Mchungaji alituombea tushuke salama na tupande salama, na waumini wakasema amina kwa sauti ambayo ilikuwa na kicheko ndani yake. Mnadani nje, wakati wa kununua vitu vya sadaka, nilipandisha bei ya mkungu wa ndizi bila mpinzani, na mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kama nitaenda nao chini.

Lakini aliyenitania kuliko wote ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayelima huko Suji.

"Shemeji, nisaidie kuelewa. Mnapanda ndege tatu ili mkapande mlima?"

"Ni mlima wa msituni, shemeji. Kuna njia maalumu."

"Na huu uliopo nyuma ya choo changu hauna njia?"

"Kule ni mapumziko."

"Sawa. Njoo basi upumzike hapa. Nina magunia sita ya maharage ya kushusha Makanya. Nitakupumzisha mpaka ulie."

Nilimwacha acheke, kwa sababu nilikuwa namhitaji. Bwawa la kuogelea ninalolijua liko kwenye hoteli moja ya Moshi, na hoteli hiyo ni mteja wangu, haiwezekani wanione nimeng'ang'ania ukingo kama mtoto. Maji mengine ya kumzamisha mtu karibu na sisi yako milimani, kwenye ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa la kumwagilia mashamba. Mfereji unaleta maji ya chemchemi, yanajaa taratibu usiku kucha, na alfajiri mwenye zamu anachomoa kizibo upande wa chini ili maji yashuke shambani kwake. Ndiva ya kina shemeji ina ukuta wa mawe na saruji, na ikijaa inamfika mtu kifuani. Nilimwambia mke wangu kwamba nakwenda Suji kila Jumatano kufanya mazoezi ya kupanda milima, na kulala kwa kaka yake. Naye shemeji nikamwambia hivyo hivyo.

Buti nilikuwa nimenunua, za ngozi, soli nene, kamba nyekundu. Gari lilinishusha Makanya nikaanza kupanda kwa miguu, na katika kona ya tatu nikapitwa na akina mama wawili waliokuwa wanarudi kutoka gulioni, wamevaa kandambili, mmoja na ndoo kichwani na mwingine na mtoto mgongoni.

"Pole baba," akasema wa ndoo.

"Asante. Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kupanda mlima."

Walitazamana. "Haya, tutawaambia huko juu kwamba unakuja," akasema wa mtoto, na kweli nilipofika kila mtu alijua.

Nilichagua alfajiri ya Alhamisi kwa akili. Shemeji alikuwa ameniambia zamani kwamba Alhamisi haina zamu, ndiyo siku ya kuiacha ndiva ijae vizuri. Alhamisi ya kwanza nilikaa majini nikashikilia ukuta. Ya pili nilivaa miwani ya maji niliyoagiza Dar na ule mrija wa kupumulia, nikaweka uso ndani, nikaona miguu yangu mwenyewe imekuwa mikubwa na ya kijani. Ya tatu niliachia ukuta. Nilielea. Sitasema ni kwa muda gani, ila nilielea, na nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba fomu ile nitaijaza nikiwa mkweli kabisa.

Kati ya Alhamisi ya tatu na ya nne kulikuwa na msaragambo wa kuzibua mfereji na kutoa tope kwenye ndiva. Msaragambo kwetu si ombi. Kila nyumba inatoa mtu, na mkwe aliyezoea kulala hapo kila wiki naye anahesabiwa. Wiki hiyo nilikuwa na chumba cha baridi cha bucha kimekufa, kwa hiyo nikafanya walivyozoea kufanya watu wa aina yangu waliorudi na uwezo: nikatuma kreti nne za soda, baridi, zimefungwa na barafu ndani ya gunia. Nilijiona nimetoa zaidi ya jembe.

Alhamisi ya nne niliingia majini kukiwa na mwanga kidogo tu. Ndiva ilikuwa safi, imejaa pomoni. Nilivaa miwani, nikauma mrija, nikalala kifudifudi na kuanza kupiga miguu kama nilivyoona kwenye video. Masikio yakiwa majini husikii kitu isipokuwa pumzi yako. Niliogelea. Baada ya muda nikaona chini panakaribia, mawe yanakuja juu kunifuata, nikadhani nimevuka ndiva nzima na kufika upande wenye kina kifupi. Nilijipongeza. Nikaongeza kasi. Chini pakazidi kukaribia. Nikawaza, ama kweli kipaji kinaweza kulala ndani ya mtu miaka hamsini na tatu. Ndipo tumbo langu likagusa tope, halafu magoti, na nikawa napiga miguu hewani.

"Ni nani huyo?" sauti ikauliza kutoka juu ya ukuta.

Niliijua sauti ile. Nikatoa mrija mdomoni. "Shikamoo, mama."

Alikuwa mama mkwe wangu, mama yake mke wangu, na jembe begani. Sasa naomba mnielewe. Mimi na mama mkwe wangu tunaheshimiana. Tunasalimiana tukiwa mbali hatua kadhaa, na tangu nimwoe binti yake sijawahi kukaa mbele yake na kifungo cha shati kikiwa wazi. Na hapo nilikuwa nimelala kwenye tope, na kaptula ya bluu na miwani ya mpira iliyobana pua.

"Marahaba," akasema, akageuka, akaipa ndiva mgongo na kuanza kuzungumza na migomba. "Mkwe."

"Naam, mama."

"Umevaa?"

"Nimevaa kaptula, mama."

"Ongeza."

Shati lilikuwa ng'ambo. Nilivuka tope mpaka vifundoni, nikalivaa likiwa limegeuka nje ndani. "Mama, leo si haina zamu?"

"Ilikuwa haina. Tulibadilisha zamu siku ya msaragambo. Alhamisi sasa ni yangu. Waliokuwepo wote waliambiwa."

"Sikuwepo, mama."

"Najua. Ulituma soda. Zilikuwa baridi sana, asante." "Unatafuta nini humo?"

Ningeweza kusema nimeangusha simu. Lakini mtu mwenye shati lililogeuka hana nguvu ya kutunga. "Najifunza kuogelea, mama."

Mabega yake yalianza kutikisika, na jembe nalo likatikisika. Alipopata pumzi akasema, "Mke wako aliogelea humu akiwa na miaka saba. Nilimchapa kwa kuchafua maji. Kesho yake nikamkuta tena, anavuka huku na huku kama chura. Yeye anajua kwamba mumewe hajui maji?"

"Hajui."

"Na huko baharini mnakokwenda, akizidiwa chini kule, nani wa kumshika?"

Maji ya mwisho yalikuwa yanaingia kwenye bomba kwa mlio kama mtu anayemalizia uji. Wiki zote zile nilikuwa nimefikiria kuingia majini pamoja naye, nimefikiria fomu, nimefikiria kanisa litasema nini. Kwamba yeye angenyoosha mkono pembeni akitegemea mkono wangu, hilo nilikuwa sijalifikiria hata mara moja, mimi mtu wa kanuni.

"Mimi sijaona kitu," akasema mama mkwe. "Mama mkwe hawezi kuona kitu kama hicho. Kwa hiyo siwezi kumwambia. Utamwambia wewe." Akaanza kushuka kuelekea shambani, kisha akasimama, bado hajageuka. "Na kwa kuwa umeshaingia, lile tope lililobaki mbele ya bomba lisukume. Liko kwenye kona, upande uliokuwa umelala."

Nilisukuma tope kwa mikono mpaka jua likatoka.

Nilishuka siku hiyo hiyo. Mke wangu alikuwa barazani, anamkagua koo mtoto wa jirani kwa tochi ya simu. Nilisubiri mtoto aondoke, nikatoa fomu kwenye droo, nikaiweka mbele yake, nikasema. Nilisema yote, paa la hoteli, mashine ya barafu, Alhamisi nne. Nilisema pia habari ya mama yake, maana nilijua hata kama yeye hakuona, migomba imeona.

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Siku ile mezani ulijua hujui?"

"Nilijua."

"Na ulijua kwamba chini kule ningekutegemea wewe."

"Nilidhani mpaka wakati huo nitakuwa nimeshajua."

Aliikunja fomu, akaikunjua. "Wodini tulipata mtu wa namna hiyo. Alisema anajua kuchoma sindano."

"Ikawaje?"

"Tukampa kazi ya kusukuma vitanda."

Akainuka, akaingia ndani. Chakula cha jioni alinipakulia vizuri tu, na nyama ya kutosha, lakini bila neno, na ukimya wa muuguzi si kama ukimya wa watu wengine. Unahisi kama unasubiri majibu ya maabara. Kesho yake asubuhi geti likagongwa na nikamsikia anasema, "Karibu, ingia, ana siku ngapi hivi?" kwa sauti ya mtu aliyerudi kazini. Hiyo iliniuma kuliko kunyamaziwa.

Nikaenda karakana, nikakaa kwenye kompyuta, nikawaandikia wale wenye mashua. Barua za Kiingereza huwa naandika kwa dakika tano. Ile ilinichukua asubuhi nzima. Niliandika kwamba mke wangu anajua kuogelea tangu akiwa na miaka saba, ana afya, hatishiki na damu wala giza, na angependa sana kushuka. Kisha nikaandika kwamba mume wake hajui kuogelea, na kwamba mume huyo ni mimi. Nikauliza kama kuna namna yoyote yeye ashuke bila mimi.

Jibu lilichukua siku nne. Siku hizo nne nilitengeneza majokofu ya watu bila kujisifu, mpaka muuza maziwa akaniuliza kama ninaumwa.

Lilipokuja nililichapa, nikampelekea barazani, nikamwachia nafasi ya kusoma mwenyewe. Alivaa miwani. Walisema anayeanza anaweza kushuka na mwalimu wao, wawili peke yao, mwalimu akiwa ndiye mwenzake. Mume atakaribishwa mashuani, atavaa boya, na kwa kuwa mashua yao ni ndogo na wafanyakazi ni wachache, wataomba ashike ubao wa majina: kila anayeshuka anaandikwa saa aliyoshuka, na kila anayerudi juu anawekewa alama. Mashua haiondoki mpaka ubao ukamilike.

Alisoma mara mbili. Mara ya pili alisogeza midomo.

"Hii ya ubao," akasema, "hii unaiweza?"

"Hii naiweza."

"Unaiweza kweli, au utaanza Alhamisi kwa mama?"

"Naiweza, mke wangu."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda, kama anavyomtazama mgonjwa anayesema amekunywa dawa zote. Kisha ndipo akacheka, kwanza puani, halafu kabisa, mpaka akaivua miwani na kushika tumbo. "Eti mawe yanakuja juu," akasema. "Baba! Mawe yanakuja juu, na wewe unaongeza kasi!" Mtu aligonga geti, naye akaita kwa sauti, "Nesi hayupo, amesafiri!" na aliyegonga, akiwa ameisikia sauti ya nesi mwenyewe, akasema haya, asante, akaondoka.

Alichukua karatasi akapiga mistari, akapanga siku zetu za kisiwani. Siku ya kwanza kulala. Siku ya pili ziwa linalochemka, wote wawili. Siku ya tatu mapumziko ya miguu, ya baba. Siku ya nne akaandika jina lake na mbele yake "kushuka", akaipigia mstari chini, na akaongeza kwamba siku hiyo na kesho yake hakuna kupanda mlima, kwa sababu aliyetoka kupiga mbizi hapandishwi juu haraka, alikuwa ameshasoma. Kwenye mstari wangu wa siku hiyo hiyo alifikiri kidogo, kisha akaandika, kwa mwandiko ule wa maagizo ya wodini: "Mashuani. Asilale."